Msaada: iPod nano ya zamani, programu yake imesimbwa, nianzie wapi?

Kijana_wa_Nkuhungu: Wakuu, habari za jioni. Nina iPod nano ya kizazi cha 2, ile ya 2006. Programu yake ya ndani imesimbwa, yaani imefichwa kwa fumbo lisilosomeka bila ufunguo. Ufunguo unakaa wapi? Nafikiria kung'oa chipu ya memori niisome.

Fundi_Sabasaba: Ufunguo umo ndani ya prosesa yenyewe, mkuu. Ukiing'oa memori utasoma takataka tupu. Walioivunja mwaka 2009 walipitia Notes, sehemu yake ya kusomea maandishi: faili la maandishi lililopikwa kijanja, kifaa chenyewe kikaendesha programu yao. Kwani unatafuta nini humo?

Mzee_wa_Kizota: Enzi zetu kaseti ikilegea unazungusha kwa kalamu ya Bic, kazi imeisha.

Kijana_wa_Nkuhungu: Kuna nyimbo za kwaya ambazo hazipo pengine. Kompyuta inaiona kama flashi, ila nyimbo sizioni.

Fundi_Sabasaba: Si ungesema mapema! Kilichosimbwa ni programu, nyimbo hazijaguswa. Ruhusu mafaili yaliyofichwa yaonekane, ingia iPod_Control, kisha Music. Utakuta folda F00, F01 na kuendelea, mafaili yana majina ya herufi nne nne. Usishtuke, jina la wimbo kwa kawaida limo ndani ya faili. Nakili yote.

Mama_Zabibu: Samahani mwanangu, hiyo iPod ni yako?

Kijana_wa_Nkuhungu: Ya mwalimu wa kwaya, shikamoo mama. Yuko Kondoa, hajui kama ninayo. Lakini nitairudisha kabla hajafika. Na blowa ya hewa moto ya kung'olea chipu nimeshanunua, kwa hiyo kuifungua nitaifungua tu, nijifunze.

Mama_Zabibu: Marahaba. Kujifunzia mali ya mtu! Wangu alianza hivyohivyo na redio ya baba yake. Mpaka leo taarifa ya habari tunasikilizia kwa jirani.

Msomi_UDOM: Udadisi si dhambi, mama. Kwenye iPod ya kizazi cha 4 jamaa aliitoa programu ya kuwashia kwa sauti: kile kidude cha mlio kikawa kinabofya data, yeye anarekodi, kisha akaugeuza mlio kuwa faili. Bisibisi hakugusa.

Jiwe_la_Bahi: Wadau, hii chai. Juzi kwenye uzi mwingine huyu alisema iPod kaachiwa na mjomba. Weka picha.

Kijana_wa_Nkuhungu: Mjomba ndiye mwalimu wa kwaya! Picha naweka umeme ukirudi.

Jiwe_la_Bahi: Kakuachia, au hajui kama unayo? Sukari imezidi.

Mzee_wa_Kizota: Hiyo blowa bado mpya? Nipe bei.