Ushauri: mradi wa biashara wa muhula, daftari linaonyesha faida lakini hela haipo

Mwanafunzi_Nakawa
Habari zenu wakubwa. Nasoma shahada ya ujasiriamali na usimamizi wa biashara ndogo, mwaka wa pili, hapa Kampala. Kikundi chetu cha watu wanne lazima kiendeshe biashara halisi muhula huu, kisha tuitetee mbele ya jopo. Tunauza karanga za kusaga, kopo la gramu 500 kwa shilingi 8,000. Kilo 10 za karanga ni 70,000. Tunahesabu makopo 20, yaani 3,500 kila moja, na kopo tupu 700. Gharama 4,200, faida 3,800. Kodi ya meza ya kuuzia 80,000 na intaneti 40,000 kwa mwezi. Mwezi uliopita tumeuza makopo 40, daftari linasema faida 32,000, lakini hela ya kununua karanga nyingine haipo. Tunakosa nini? Na je, tusajili kampuni kabla ya utetezi?

Hesabu_Kwanza
Mdogo wangu, kilo 10 mbichi hazitoi kilo 10 za kusagwa. Unachambua mbovu, maji yanakauka kwenye moto, maganda yanatoka, na nyingine inabaki kwenye mashine. Pimeni wenyewe kabla na baada. Tuseme mmepata kilo 8.5: hayo ni makopo 17, na karanga peke yake inafika 4,118 kwa kopo.

Halafu kuna ambavyo hamkuandika kabisa. Kwa mfano mashine ya kusaga 5,000 kwa mzunguko, yaani kila mnaposaga kilo 10, sawa na 294 kwa kopo. Lebo 200. Mkaa na boda 8,500 kwa mzunguko, sawa na 500. Ongeza kopo tupu 700. Jumla 5,812, na kinachobaki kwa kila kopo ni 2,188.

Sasa gawanya 120,000 za meza na intaneti kwa 2,188: mnahitaji makopo 55 kwa mwezi ili kurudisha gharama. Kwa faida yenu ya 3,800 ingeonekana ni 32 tu. Kwa makopo 40 mna hasara ya 32,480. Mkisaga nusu ya mzunguko, boda haipungui, kwa hiyo kila kopo linabeba usafiri mara mbili.

Mwanafunzi_Nakawa
Asante sana mkubwa. Nimesahau kutaja kwamba makopo 12 yamechukuliwa kwa mkopo hosteli.

Hesabu_Kwanza
Basi 96,000 zenu ziko kwa watu. Zinahesabiwa kama mauzo, lakini muuza karanga hapokei deni la hosteli. Andikeni jedwali la pili la fedha taslimu kwa wiki: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Msilichanganye na jedwali la faida, na kila mdaiwa awe na jina, tarehe na kiasi. Hapo ndipo miradi mingi ya wanafunzi inapokufa, na jopo linajua.

Dada_Kikuubo
Msikimbilie kupandisha bei. Kwa 9,000 mngehitaji makopo 38 tu, ila mteja wa hosteli anaweza kuhama. Kwanza tafuteni muuzaji mwingine wa kushirikiana naye meza. Mkilipa 40,000 badala ya 80,000, kwa bei ileile mnahitaji makopo 37. Bei mpya ijaribuni wiki moja, sehemu moja, na mwandike idadi iliyouzika. Msiwaulize rafiki zenu kama wangenunua, kila rafiki husema ndiyo. Ulizeni walinunua nini wiki iliyopita na kwa shilingi ngapi.

Fundi_wa_Chakula
Kabla ya bei, usalama. Karanga iliyoanikwa chini au kuhifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na kukaanga hakuiondoi yote. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Chambueni kwa mkono kabla ya kukaanga: toeni zilizonyauka, zilizobadilika rangi na zilizovunjika. Uzito unaopotea hapo ni gharama halali, uandikeni. Alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, mtaihitaji mkitaka kuingia dukani, kwa hiyo wekeni kumbukumbu za kila mzunguko tangu sasa.

Mzee_wa_Kodi
Kampuni kwa mradi wa muhula ni mzigo, kwa sababu inadai taarifa kila mwaka hata ikilala. Sajilini jina la biashara URSB (ofisi ya usajili wa biashara), chukueni TIN (namba ya mlipakodi) kutoka URA, mamlaka ya mapato, na mwulizie leseni ya biashara KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Lakini jueni kwamba jina la biashara haliwakingi: deni la biashara ni deni lenu. Andikeni makubaliano ya ubia, nani anatoa mtaji, nani anafanya kazi. Msipokubaliana, sheria inagawa faida sawa kwa wote, hata kwa asiyetokea.

Kuhusu kodi, mauzo yasiyofika milioni 10 kwa mwaka hayatozwi kodi ya biashara ndogo. Kwa viwango vilivyowekwa 2020, mwenye mauzo ya milioni 15 na kumbukumbu nzuri analipa asilimia 0.4 ya kinachozidi milioni 10, yaani 20,000. Asiye na kumbukumbu analipa 80,000.

Mwanafunzi_Nakawa
Jopo likiona hasara si tutaanguka?

Hesabu_Kwanza
Kwa kawaida wanaosahihisha wanatafuta kama mnaelewa hasara imetoka wapi. Pelekeni rekodi ya uzito kabla na baada ya kila mzunguko, jedwali la fedha la wiki, orodha ya wadaiwa, na hesabu mbili za makopo 55 na 37. Watauliza kwa nini 37, na jibu liwe risiti ya meza mliyogawana.