Kihispania kwa maneno ya sauti moja: inasaidia ao inaharibu?

Ndugu zangu wa Goma, tujadili hii. Kuko walimu wanakataza mtu kushika maneno ya Kihispania kwa kuyafunga na maneno ya kwetu yenye sauti moja, eti ni mchezo wa watoto na inaharibu matamshi. Mimi napinga kabisa.

Angalia gato. Kwa Kihispania ni paka, na huku wote tunajua gato, ile keki ya aniverseri, basi weka mu kichwa paka amepanda juu ya meza anakula gato na krimu imemjaa ku masharubu, utasahau namna gani? Cama ni kitanda: kama umechoka, panda cama. Papa, kule Amerika ya Kusini, ni kiazi: papa, yaani baba, ameketi anamenya viazi. Tena vokali zetu a e i o u njo zao pia. Watafiti wa Amerika, Atkinson na Raugh, walipojaribu hii njia mu 1975 na watu wa Kiingereza, pato, yaani bata, waliifunga na pot, chungu, inafanana nusu tu, na bado ilisaidia sana.

Hatari iko ku Kifaransa, ju maneno yake yanafanana na ya Kihispania lakini maana ni ingine! Entender ni kuelewa, si kusikia. Salir ni kutoka, si kuchafua. Embarazada ni mwenye mimba, si mwenye haya. Gato haikudanganyi ju unajua tangu mwanzo ni ndoano tu ya kushikia neno, lakini entender unaiamini.

Jibu, Bukavu: Ndugu, kwa gato sawa. Lakini nani atanichorea picha ya aunque, "ingawa"? Na pero ni lakini, perro ni mbwa, tofauti ni ile r ya kutetemesha, neno gani la kwetu litakusaidia hapo? Tena mu mazungumzo mtu hakungojei upitie kwa keki njo ufike kwa paka. Mtu asikilize sana, basi.

Goma: Yaya, kwa pero na perro nakubali, hapo ni sikio na ulimi tu. Ila ndoano ni ya siku za kwanza, ukishakutana na neno mara nyingi paka anakuja mwenyewe, keki inapotea. Na asikilize nani? Waurugwai wa MONUSCO, wale walinda amani wa UN wenye kusema Kihispania, hawakukaa ku kila avenue, wengi wetu tuko na daftari na simu tu. Aunque tuirudie ndani ya sentensi mpaka ikae, lakini vitu vya nyumba, vya jikoni, vya sokoni, msitukataze.