Gumzo la majirani wa Ilazo: kompyuta ya kikoba imegoma kuchapa

Mama Neema (mwekahazina): Shikamooni wazee wangu, na vijana habari za jioni. Kompyuta ya kikoba imegoma kuchapa taarifa za wanachama, nasi tunavunja kikoba Jumamosi. Kila nikiagiza kuchapa, alama ya kusubiri inazunguka kwenye skrini na printa inakaa kimya. Jana usiku niliizima, leo asubuhi nikaiwasha, na hali ni ile ile.

Mzee Mwenyekiti: Marahaba, Mama Neema. Bila taarifa hizo Jumamosi patakuwa na maneno mengi.

Baba Upendo: Ipelekwe kwa fundi mjini aipige Windows, yaani auweke mfumo wake upya, yaishe.

Fundi Elia: Shikamooni. Mama, usikubali kupigiwa Windows kabla ya kujaribu lililo rahisi, kwa kuwa kazi hiyo ina gharama, na isipofanywa kwa uangalifu inaweza kuondoka na mafaili ya kikoba. Kwanza bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya utendaji, utazame panapoandikwa CPU. Chini yake utaona muda ambao mfumo umekaa bila kuanza upya.

Mama Neema: Nimepaona, mwanangu. Panasomeka zaidi ya wiki tatu! Inawezekanaje, na mimi naizima kila usiku?

Fundi Elia: Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Tangu Windows 8 iliyotoka mwaka 2012, ukichagua kuzima, kompyuta nyingi hufunga programu ulizofungua, lakini hali ya kiini cha mfumo pamoja na viendeshaji, yaani programu zinazoongoza vifaa kama printa, huhifadhiwa kwenye diski ili mashine iwake haraka. Kwa hiyo hitilafu iliyolala nayo usiku huamka nayo asubuhi. Ukichagua Restart, yaani kuwasha upya, mfumo wote huanza upya. Na kufunga kifuniko cha laptopu si kuzima hata kidogo, huko ni kuisinziza tu.

Sasa hifadhi daftari la hesabu lililo wazi, maana usichokihifadhi kimo kwenye kumbukumbu ya muda, nayo hufutika mashine ikizimwa. Kisha fungua foleni ya printa ufute kazi zote zilizokwama, kwa kuwa hizo hukaa kwenye diski na zinaweza kubaki hata baada ya kuwasha upya. Zima na printa yenyewe, halafu uchague Restart. Usibonyeze kitufe cha kuwashia kwa kukishikilia, maana hiyo ni njia ya mashine iliyoganda kabisa na inaweza kuharibu faili lililo wazi.

Mwalimu: Ninaheshimu ushauri huo, Elia, ila sijaridhika. Kuwasha upya hakutuonyeshi kosa liko wapi. Ni kufuta ubao kabla hujajua mwanafunzi amekosea mstari gani.

Fundi Elia: Ni kweli, Mwalimu, ndiyo maana nimesema tuanzie hapo, sikusema tuishie hapo. Tatizo likirudi, tutatafuta chanzo. Lakini yapo makosa ambayo chanzo chake kinajulikana na bado dawa ya muda huwa ni kuzima na kuwasha. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza umeme wa ndege za Boeing 787 uwe unazimwa mara kwa mara, kwa sababu ukikaa siku 248 mfululizo, kihesabio kilichomo katika programu ya kudhibiti jenereta hujaa, na jenereta zote zinaweza kuzimika kwa pamoja.

Mwalimu: Ngoja kidogo. Kihesabio cha biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri na moja, moja ikiwa ya alama ya hasi, hujaa kikifika 2,147,483,648. Ukigawanya namba hiyo kwa 100, kisha kwa sekunde 86,400 za siku moja, unapata siku 248 na nusu. Huenda kihesabio cha ndege hizo ni cha aina hiyo na kinahesabu kwa sehemu za mia za sekunde. Hapo nimeelewa.

Mama Neema: Inachapa! Karatasi zinatoka, ya kwanza ni ya Mama Upendo. Mungu akubariki, mwanangu.

Baba Upendo: Basi na mimi niiwashe upya ile yangu ya mezani. Tangu juzi inagonga tik-tik ndani, na kufungua picha inachukua muda mrefu.

Fundi Elia: Hapana, baba, hiyo usiiwashe upya. Mlio huo mara nyingi ni wa diski inayokufa, na ukiizima inaweza isisomeke tena. Kama bado inafungua mafaili, nakili sasa hivi yale usiyoweza kuyapata kwingine, ukianza na hati za kiwanja na picha za familia, kisha uizime na uiache hivyo. Nina diski ya nje yenye nafasi. Nakuja nayo sasa.

Baba Upendo: Njoo, mwanangu, geti liko wazi.