Ushauri: Binti yupo darasa la 10 hapa Texas, SAT (mtihani wa kuingilia vyuo vya Marekani) aanze kujiandaa lini?

Mama_Tunu:
Habari za jioni wakuu. Tupo Houston mwaka wa sita sasa, mimi, mzee na watoto watatu. Mkubwa yupo darasa la 10. Juzi baada ya ibada mama mmoja akaniuliza, "Binti ameshaanza SAT?" Nikamjibu bado. Alivyonitazama utadhani nimesema mtoto hajachanjwa. Wa kwake yupo tuisheni tangu darasa la 8.

Kesho yake nikapigia kituo kimoja cha tuisheni. Dola 1,900 kwa wiki kumi, na kijana aliyepokea simu ananiambia nikizubaa nafasi zitaisha. Mimi nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee, mzee anaendesha lori. Hela hiyo ikitoka, kuna mahali patabaki wazi.

Nilisoma Tanzania. Kwetu mambo yalikuwa yanajulikana: unaingia kidato cha tano, mwisho wa kidato cha sita unaingia chumba cha mtihani, ukitoka umetoka. Huku sielewi mtoto anafanya lini, mara ngapi, na akianza mapema hatachoka? Shuleni anafanya vizuri. Hesabu mwaka huu wapo Jiometri. Anataka uuguzi. Mwenye mtoto aliyepita njia hii anisaidie. Povu ruksa, ila nipeni majibu.

Mzee_wa_Barabara:
Mama Tunu, tulia kwanza. Nina wawili waliomaliza hapahapa Texas, na kwa yule wa kwanza nilikosea palepale unapotaka kukosea wewe. Niliichukulia SAT kama NECTA, mitihani ya taifa ya kwetu Tanzania.

Hii haifanywi mara moja ikaisha. Inatolewa mara kadhaa kwa mwaka kati ya Agosti na Juni. Mtoto akirudia, vyuo vingi vinaangalia alama iliyo bora, na vingine vinachukua hesabu za tarehe hii na kusoma na kuandika kwa tarehe ile, wanajumlisha. Kwa hiyo shika tarehe ya mwisho, halafu hesabu kurudi nyuma. Maombi ya mapema ya vyuo vingi yanafungwa tarehe 1 Novemba ya darasa la 12, la mwisho. Agosti ya mwaka huohuo ndiyo nafasi ya mwisho ambayo mtu anafanya bila presha. Kabla ya hapo kuna Mei na Juni. Kabla ya hapo Machi ya darasa la 11, hiyo iwe ya kwanza. Mpe miezi mitatu ya kujiandaa kabla ya Machi, umefika Desemba. Sasa hivi ni Januari na yeye bado yupo la 10. Hujachelewa hata kidogo.

Halafu umetaja Jiometri ukapita, mimi nakurudisha hapo. Hesabu za SAT kwa sehemu kubwa ni aljebra. Binti yako Aljebra 2 ataisoma mwakani. Ukimpeleka tuisheni leo, unalipa dola 1,900 afundishwe vitu ambavyo mwalimu wake atamfundisha bure kuanzia Agosti. Wangu nilimpeleka hivyo. Alitoka na alama zilezile alizoingia nazo, na kisirani juu.

Bi_Hindu:
Mzee naheshimu, ila mimi sikubaliani na hili la kungoja. Watoto wetu wengi hawapungukiwi hesabu, wanapungukiwa Kiingereza cha kwenye kurasa. Wanaongea kama wazawa, mpe aya ya mambo ya kale au sayansi anakwama. Hilo huwezi kulijenga kwa miezi mitatu. Wangu nilimwanzisha darasa la 7.

Mzee_wa_Barabara:
Ulimwanzisha SAT au ulimwanzisha kusoma vitabu?

Bi_Hindu:
Vitabu. Maktaba kila Jumamosi. Haya, umenishika 😂

Mwl_Kipanga:
Nafundisha hesabu sekondari huku, ngoja niongeze ya darasani.

Tangu Machi 2024 SAT ya Marekani inafanywa kwenye kompyuta, kwa saa 2 na dakika 14. Kusoma na kuandika maswali 54, hesabu maswali 44. Aya ni fupi, kila moja na swali lake moja, kwa hiyo zile hadithi ndefu mlizozisikia kwa waliotangulia zimekwisha. Kila sehemu ina vipande viwili, na ugumu wa kipande cha pili unategemea ulivyofanya cha kwanza. Ukiharibu mwanzo unapewa kipande chepesi, lakini dari ya alama inashuka nacho. Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wangu umakini wote uwe kwenye maswali ya mwanzo. Na jibu la kukosea halipunguzi alama, hivyo asiache swali tupu hata kama anabahatisha.

Kiangazi hiki afungue Bluebook, ndiyo programu yenyewe ya mtihani. Ina mitihani kamili ya majaribio, bure. Afanye mmoja tu, Jumamosi asubuhi, simu ikiwa kwako. Lengo ni kuona anadondokea wapi, wala msigombane kuhusu alama. Aangalie pia ACT, mtihani mwingine wa kuingilia chuo, maana kuna watoto inawakaa vizuri zaidi. Oktoba akiwa la 11 atafanya PSAT, jaribio la SAT, shuleni. Hiyo ya darasa la 11 ndiyo inayoingiza watoto kwenye shindano la ufadhili la National Merit, kwa hiyo asiende kwa mzaha. Kuanzia Desemba, mazoezi ya tovuti ya Khan Academy, bure pia, dakika 40 mara nne kwa wiki. Mtoto mwenye nidhamu hahitaji kituo. Asiye na nidhamu, kituo unamlipia mtu wa kumkalisha kitini, na wakati mwingine hiyo nayo ni huduma. Sibezi.

Dogo_wa_Austin:
Shikamoo mama. Nipo mwaka wa pili UT, Chuo Kikuu cha Texas hapa Austin. Kitu ambacho hakijasemwa ni nafasi yake darasani. Texas ina sheria tangu 1997: ukiwa kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lako, vyuo vya umma vinakupokea moja kwa moja. UT Austin wao wamebana zaidi. Mimi niliingia kwa asilimia 6, na kuanzia wanaoingia 2026 ni asilimia 5. Kwa hiyo darasa la 10 na la 11 alama za shuleni ndiyo roho. Niliona jamaa wanaacha kazi za darasani ili wapige msuli wa SAT, wakaporomoka nafasi 20.

Ila SAT msiiache, UT wamerudisha sharti la kuleta alama za mtihani, hata kwa wanaoingia kwa asilimia. Na kupokelewa chuoni siyo kupokelewa uuguzi. Kozi zenye ushindani zinachagua upya, na hapo alama nzuri inakubeba.

Mama_Tunu:
Marahaba mwanangu. Hilo la uuguzi kuchagua upya sikulijua kabisa.

PapaBukavu:
Jambo mama. Mimi niko Louisville, Kentucky. Huku watoto wote wa darasa la 11 wanafanya mtihani wa kuingilia chuo shuleni, hatulipi kitu. Na alama yake inaongeza pesa: kuna KEES, serikali ya jimbo inamuwekea mtoto pesa za chuo kwa alama zake za kila mwaka, na ACT kuanzia 15 inaongeza juu. Kule kwetu Kongo Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ilikuwa ni mara moja unalia au unacheka. Hapa wanakupa nafasi. Muulize mshauri wa shule kama wilaya yenu wanatoa SAT siku ya masomo. Na kama watoto wanakula chakula cha bure shuleni, kuanzia la 11 anaweza kupata SAT mbili bila kulipa, na vyuo vingi vitamsamehe ada ya maombi. Wengi wetu tunaona haya kuuliza.

Njiro_Juu:
Samahani kuingilia uzi. Kijana wangu yupo kidato cha tano hapa Arusha, anataka kuomba vyuo vya huko. Ratiba hii inamhusu?

Mwl_Kipanga:
Inamhusu ila inagongana. Maombi ya huku yanafungwa kati ya Novemba na Januari, yeye atakuwa katikati ya kidato cha sita. Afanye SAT Agosti au Oktoba akiwa ameanza cha sita, baada ya hapo aiweke kando kabisa arudi kwenye mtihani wa taifa wa Mei. Wengine wanamaliza cha sita kwanza, wanaomba mwaka unaofuata wakiwa na matokeo mkononi. Kwa mtoto wa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia) mimi ningependelea hii ya pili. Vinginevyo anatumikia mabwana wawili.

Mama_Tunu:
Asanteni sana wapendwa. Nimekaa na binti leo kabla sijaingia kazini. Tumekubaliana hivi: mpaka Juni ni masomo ya darasani na kitabu kimoja kila wiki mbili (Bi Hindu asante). Kiangazi jaribio moja la Bluebook. Desemba aanze kukomaa, Machi afanye ya kwanza. Kile kituo kimenipigia tena jana, nimewaambia nitawatafuta.

Mzee_wa_Barabara:
Safi. La mwisho, dogo ila lilituumiza. Jina atakalojisajilia SAT lifanane na la kwenye kitambulisho atakachobeba. Sisi na majina yetu matatu huwa tunajichanganya. Wangu shule walimwandika kwa jina la babu, kwenye pasipoti ukoo mwingine. Tulifika mapema kabisa, saa moja na nusu, tukarudishwa mlangoni. Na kama hana kompyuta ya kufanyia, anaweza kuomba aazimwe, ila aombe siku 30 kabla.

Mama_Tunu:
Uwiii. Shuleni anaitwa kwa jina la baba, pasipoti ina la babu. Naenda kuifungua hiyo bahasha sasa hivi.