Paneli ya taa ya Batman, Lost in Space na The Time Tunnel: ni ileile au pacha? Naomba ushauri

Kokwa_la_Embe (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Natengeneza orodha ya vitu vya seti vilivyotumika zaidi ya mara moja kwenye tamthilia za kisayansi za Marekani za miaka ya 1960. Nimekwama kwenye kabati la kompyuta lenye taa ndogondogo. Limo pangoni kwa Batman (1966), limo ndani ya chombo cha anga Jupiter 2 cha Lost in Space, na kwenye The Time Tunnel (1966) zimejaa ukuta mzima. Nimepiga picha za skrini nikazipanga ubavu kwa ubavu, lakini taa hazilingani kabisa: huku zimewaka hizi, kule zile. Nilinganishe nini basi? Na nikiandika "ni ileile", mtu akinibana nijitetee vipi?

fundi_paneli

Mkuu, achana na taa zilizowaka. Zinapepesa, kwa hiyo hata sekunde mbili za tukio lilelile hazitalingana. Linganisha visivyobadilika: tundu la kila taa, vichwa vya skrubu, mkwaruzo, kona iliyobonyea, pengo la swichi iliyong'olewa.

Halafu unachanganya mashine mbili. Ya Batman na Jupiter 2 ni kompyuta ya Burroughs 205, iliyoanza maisha kama Datatron ya ElectroData ya Pasadena kabla Burroughs haijainunua kampuni hiyo mwaka 1956. Ilihesabu kwa desimali. Kila tarakimu inaonyeshwa na taa 4 zenye thamani ya 1, 2, 4 na 8, na neno moja (yaani namba moja inayoshughulikiwa kwa mkupuo) lina tarakimu 10 pamoja na alama ya kujumlisha au kutoa. Ndiyo maana kwenye meza yake unaona taa nne nne, fungu baada ya fungu.

Ukuta wa The Time Tunnel ni AN/FSQ-7, mashine ya IBM ya mfumo wa SAGE, uliolinda anga ya Marekani dhidi ya ndege za kivita. Hiyo inahesabu kwa mfumo wa jozi tupu, yaani 0 na 1 (kila moja ni biti): neno la biti 32 lililogawanywa nusu mbili za 16. Usitafute mafungu ya desimali pale. Mashine moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, kwa hiyo ilipovunjwa ilitoa makabati mengi mno. Hapo ndipo watu wengi huteleza: wanaona AN/FSQ-7 kwenye The Time Tunnel, wanaiona tena kwenye The Towering Inferno (1974), mradi mwingine wa Irwin Allen, mtayarishaji wa The Time Tunnel, wanaandika "kabati lilelile". Ulichothibitisha ni aina ya mashine tu. Kabati lenyewe bado.

Mama_Fremu

Naongeza upande wa picha, maana ushahidi mwingi huharibikia hapo.

Filamu ilipigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, televisheni ya Marekani inakwenda 30. Nakala iliyotoka kwenye kanda ya zamani ya televisheni ina fremu 2 katika kila 5 ambazo ni mchanganyiko wa fremu mbili za filamu. Utazijua: kingo zina meno kama kitana kila kitu kinaposogea. Ukipiga picha hapo, skrubu moja itaonekana mbili. Kwenye VLC, programu ya kuchezea video, simamisha, bonyeza E usogee fremu moja moja, ukifika kwenye safi bonyeza Shift na S. Chagua tukio ambalo kamera imetulia na paneli iko katikati ya picha. Pembeni lenzi hupinda mistari.

Kisha fungua picha zote mbili kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, moja juu ya nyingine. Shika pointi 4 zilizo mbalimbali, tuseme skrubu za kona, uivute ya juu kwa zana ya mtazamo (Perspective) mpaka zikae juu ya zile za chini. Weka ya juu uwazi wa asilimia 50 uangalie, halafu uondoe uwazi huo na ubadili kwenda hali ya tofauti (Difference): kinacholingana kinakuwa cheusi, kisicholingana kinang'aa. Taa zitang'aa, zipuuze. Ukiona pointi 4 zimekaa vizuri lakini matundu ya katikati yamehama, hizo ni paneli mbili. Njia hii ni ya kitu bapa tu. Usiijaribu kwenye roboti wala kwenye chombo cha anga chenye umbo la kisahani.

Angalia pia picha iliyogeuzwa. Maandishi ya kwenye paneli yakisomeka kinyumenyume, igeuze kwanza. Na msimu wa kwanza wa Lost in Space ni wa rangi nyeusi na nyeupe, ambapo nyekundu na buluu zinaweza kutoka kijivu kilekile. Usitegemee rangi kuvuka msimu wa kwanza kwenda wa pili.

Babu wa Rimoti

Kabla hata ya skrubu, mtu ajiulize kilichorudi ni nini: kitu chenyewe, muundo, au mkanda.

Chukua kisahani C-57D cha filamu ya Forbidden Planet (1956). Studio ya MGM walitengeneza modeli za ukubwa tatu, kubwa kuliko zote ikiwa na upana unaozidi mita 2. Tamthilia ya The Twilight Zone ilipigwa palepale MGM, ikavichota sana vitu vya filamu hiyo. Kwenye "The Invaders" (1961) na "Death Ship" (1963) unaona modeli. Lakini kwenye "The Monsters Are Due on Maple Street" (1960) ni mkanda wa filamu umerudishwa, chombo kikiwa juu chini. Hapo modeli haikuguswa. Dalili ya mkanda uliorudiwa ni mwendo: kisahani kinapita kwenye nyota zilezile, kwa kasi ileile, fremu kwa fremu.

Muundo nao una mtego wake. Robby, roboti wa Forbidden Planet, na roboti wa Lost in Space wote wamepitia mikononi mwa mbunifu Robert Kinoshita, na wapo watakaokuapia kuwa ni mmoja amebadilishwa nguo. Sehemu ya Lost in Space iitwayo "War of the Robots" (1966) inawaweka wote wawili mbele ya kamera moja, ubishi ukaisha. Ila kinyume chake nacho kipo: kwenye "Uncle Simon" (1963) ya The Twilight Zone ni Robby kweli, kabadilishwa kichwa. Kichwa hubadilishwa kirahisi, kwa hiyo mtambue kwa kifua na miguu.

Kokwa_la_Embe

Asanteni sana. Swali dogo: nimesoma kwamba Botany Bay, chombo cha mhusika Khan kwenye sehemu ya Star Trek iitwayo "Space Seed", kilirudi kama meli ya mizigo Woden kwenye "The Ultimate Computer". Nimeitazama mara mbili, meli haifanani hata kidogo.

fundi_paneli

Umetazama toleo lililofanyiwa ukarabati kuanzia 2006. Picha za vyombo ziliondolewa zikawekwa za kompyuta, na Woden wakaichora upya. Diski za Blu-ray zina matoleo yote mawili, nenda kwenye menyu uchague picha za asili. Kwa orodha kama yako toleo jipya halifai kwa chochote cha nje ya meli.

Jambo jingine, usipange kwa tarehe ya kurushwa. "Where No Man Has Gone Before" ilipigwa 1965 ikarushwa Septemba 1966, baada ya "The Man Trap". Ngome ya sayari Rigel VII ilichorwa kwa ajili ya "The Cage", sehemu ya kwanza ya majaribio ya Star Trek, ambayo haikurushwa nzima mpaka 1988, kisha mchoro huo ukafanyiwa mabadiliko ukawa kasri la mhusika Flint kwenye "Requiem for Methuselah" (1969). Ukifuata tarehe za kurushwa, utaandika kwamba cha 1988 kimeiga cha 1969.

Mama_Fremu

Na studio moja si ushahidi, wala studio tofauti si kanusho. Ile mashine ya mirija miwili yenye mwanga unaozunguka, ya kampuni ya Modern Props, ilikuwa ya kukodishwa: imo kwenye Star Trek za baadaye, imo kwenye Airplane II (1982), imo mpaka kwenye Austin Powers.

Kokwa_la_Embe

Nimehesabu upya. Pangoni na Jupiter 2: taa nne nne, sawa. The Time Tunnel: safu ndefu, hakuna nne nne. Nimeitenga. Kwa zile mbili nimepata skrubu 3 zinazokaa, ya nne imefichwa na bega la mtu.

fundi_paneli

Tatu hazitoshi kunyoosha mtazamo, tafuta fremu nyingine bega limehama. Kwa sasa jaza safu ya "aina: Burroughs 205", na safu ya "kipande" iache tupu.