Redio AM: mchana kimya, usiku vituo vinapandiana. Kwa nini?

Mpwani_Raskazone: Wakuu, habari za jioni. Hapa Tanga mchana bendi ya MW (mawimbi ya kati, ndiyo hiyo AM) ni mikwaruzo tu. Magharibi ikiingia vituo vya mbali vinajaa, kimoja kinapanda juu ya mwenzake, sauti inafifia na kurudi. FM iko vilevile. Tatizo ni redio?

FundiMawimbi: Redio yako nzima, mkuu. Mchana jua linatengeneza tabaka D la ayonosfea (sehemu ya juu ya anga yenye chaji za umeme), kama kilomita 60 hadi 90 juu, nalo linameza mawimbi ya kati. Yanayokufikia ni yale yanayotambaa chini tu. Juu ya maji ya chumvi hayo hufika mbali kuliko nchi kavu, kwa hiyo sisi wa mwambao tuna nafuu. Jua likizama D inapotea. Mawimbi yanapanda hadi tabaka za juu, yanarudi chini mamia ya kilomita mbele. Wimbi la chini na la angani la kituo kilekile yakikufikia yamepishana, yanafutana. Ndiyo huko kufifia.

Kilohezi: Ndiyo maana Marekani vituo vingi vya AM hushusha nguvu jua likizama, vingine huzima kabisa. Vingine hutumia minara kadhaa, kila mmoja ukipewa kiasi cha nguvu na fezi yake (wimbi lake likitangulia au kuchelewa kidogo), ili mawimbi yafutane upande wa kituo kingine kinacholindwa kisiingiliwe. Kinachosumbua hapo ni kontakta, yaani swichi kubwa za umeme za kubadilisha mpangilio wa minara wa mchana kuwa wa usiku. Mtambo usipokatwa hewani kidogo kwanza, cheche zinaunguza ncha, kontakta inaganda, na usiku kituo kinarusha kwa mpangilio wa mchana.

Mpwani_Raskazone: Shukrani. Na mimi msikilizaji nifanyeje?

FundiMawimbi: Kuvuta antena ya chuma hakusaidii, hiyo ni ya FM. AM inaingia kwa kijiti cha feraiti (antena ya sumaku iliyozungushiwa waya) ndani, kwa hiyo zungusha redio yenyewe taratibu: ncha ya kijiti ikielekea kituo kinachokukera, kinapungua. Usiku hakipotei kabisa. Chomoa chaja za simu, zima taa za LED.

Kilohezi: Kama ni ya dijitali, hakikisha inaruka kilohezi 9 (531, 540, 549). Zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huruka 10, zinakosa kituo pembeni kidogo. Ukitaka zaidi, tengeneza antena ya kitanzi: fremu ya mbao sentimita 60 kwa 60, waya raundi 12, na kapasita ya kuzungusha (kile kifaa cha kutafutia stesheni kwenye redio za zamani) ya pikofaradi 365 kwenye ncha mbili za waya. Iweke karibu na redio bila kuunganisha chochote, zungusha kapasita mpaka sauti ipande ghafla. Ukihama kituo, unaizungusha upya.