Naomba ushauri: Chapa ya Pilato akinawa mikono, yenye herufi AD na mwaka 1512

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye ujuzi wa chapa za kale, yaani picha zilizochapwa kwa bamba au ubao uliochongwa. Familia yetu ina karatasi ndogo, isiyozidi kiganja, yenye taswira ya Pilato akimiminiwa maji ya kunawa mikono, pamoja na herufi AD na mwaka 1512. Nafahamu kwamba AD ni alama ya msanii Albrecht Dürer wa Nürnberg, Ujerumani, kwamba alichonga mfululizo wa Mateso ya Kristo kwenye mabamba ya shaba kati ya 1507 na 1513, na kwamba kazi zake ziliigwa mno, hata Marcantonio Raimondi wa Italia akanakili baadhi ya chapa zake za mbao pamoja na alama hiyo hiyo ya AD. Kwa hiyo herufi pekee hazinitoshi kuwa ushahidi. Nikiielekeza karatasi kwenye mwanga naona ndani yake mistari myembamba iliyo sambamba, inayotokana na jinsi karatasi ilivyotengenezwa, ila kingo zimekatwa hadi kwenye picha, hivyo ule mbonyeo unaoachwa na bamba haupo tena. Je, nianze kwa kuchunguza karatasi yenyewe, au nilinganishe kila mstari wa picha na nakala zilizohifadhiwa katika makumbusho ya British Museum, London? Na gundi kavu iliyo nyuma, niiache ilivyo? Natamani sana kuisafisha, lakini nahofia kuiharibu.